Siku Nilipoitwa Kumpima Golikipa

Neema, uliponiomba niandike machache kuhusu kazi hii niliyokuachia, kabla sijasahau, ulitaka habari za chanjo na magonjwa. Nimejaribu. Kila nikianza na ndigana naishia kwenye mpira. Usinilaumu mimi, walaumu watu wa Mbulu na Hanang, ndio walioyachanganya hayo mawili mpaka nikashindwa kuyatenganisha. Vyeo nimeviruka. Ukitaka kujua nilipandaje madaraja, faili langu liko halmashauri, nenda kalisome siku ukikosa usingizi.

Mimi ni mtu wa Kondoa. Nilipopangiwa Mbulu, mama yangu aliuliza mambo mawili tu: kama kuna msikiti na kama kuna baridi. Baridi ilikuwepo. Nilipelekwa Masieda, chini ya Bwana Lohay, afisa mifugo wa siku nyingi, mzaliwa wa hukohuko. Alikuwa mrefu, mkimya, anatembea na bomba la sindano mfukoni kama wengine wanavyotembea na kalamu. Vijana walimwita Aako, yaani babu, naye hakupenda, lakini hakuwahi kumkataza mtu.

Siku ya kwanza josho la Masieda nilikuta wanaume wengi na ng'ombe wachache. Nilikuwa nimejiandaa. Sanduku la barafu begani, koti jeupe limepigwa pasi, buti mpya zinazonibana. Wanaume walikuwa wamekaa juu ya magogo ya krashi, ule uchochoro wa miti tunaopitishia ng'ombe mmoja mmoja, na radio ndogo imetundikwa kwenye msumari. Hakuna aliyegeuka kunitazama. Walikuwa wanabishana juu ya kiungo wa timu moja kubwa ya Dar es Salaam ambaye alikuwa anataka kuhamia kwa watani wao.

"Mkataba wake haujaisha. Anaondokaje?"

"Kuna kipengele. Anayemtaka anavunja mkataba, anamchukua."

"Haya, anamchukua. Na hao waliomlea wanaachiwa nini?"

"Ndiyo hapo sasa! Wanaachiwa nini?"

Nikatoa salamu. Wakaitika vizuri, wadogo wakanipa shikamoo, halafu wakarudi kwa kiungo wao. Nikafungua sanduku ili nianze kuchanganya chanjo. Bwana Lohay akaweka mkono juu ya kifuniko.

"Usifungue," akasema. "Kichupa ukishakichanganya hakingoji mtu. Hawa wakianza usajili hawaendi kuleta ng'ombe mpaka wamalize."

"Sasa tufanyeje?"

"Tusubiri. Au uwasaidie kumaliza."

Nilidhani ananitania mgeni. Kumbe ndiyo ilikuwa njia yake ya kazi. Chanjo za kiangazi huangukia miezi ileile dirisha la usajili linapokuwa wazi, na yeye alikuwa ameligundua hilo zamani. Badala ya kutuma tangazo la chanjo, ambalo halikuwa na msikilizaji, alikuwa anatuma neno kwamba Alhamisi kutakuwa na mazungumzo ya usajili pale josho, na kila mtu aje na ng'ombe wake. Watu walikuja mpaka kutoka vijiji vya jirani. Nimeitumia njia hiyo kazi yangu yote na sijawahi kuiandika kwenye ripoti hata moja. Itumie. Huhitaji kuujua mpira, unachohitaji ni kuuliza swali moja kisha unyamaze.

Nilichochelewa kukielewa ni kwa nini watu hawa waliojaa matope hadi magotini walikuwa wepesi hivyo wa vipengele. Wakulima wa kwetu Kondoa walipenda mabao. Hawa walipenda mikataba. Bwana Lohay ndiye aliyenifafanulia, tukirudi na pikipiki yake iliyokuwa inazima kila mlima.

"Kila nyumba hapa ina ng'ombe kwenye nyumba nyingine," akasema. "Unaona ng'ombe wa mtu zizini, si wake. Wa kwake yuko ng'ambo kule kwa rafiki. Sasa mtu aliyekulia humo utamwambia nini kuhusu mchezaji wa mkopo?"

Huko kuweka ng'ombe ni jambo utakalokutana nalo kila wiki, kwa hiyo lisome vizuri. Mtu anampa mwenzake ng'ombe jike amlee. Mlezi anakunywa maziwa na kupata mbolea kwa shamba. Ng'ombe akifa, mlezi anapeleka ngozi ili mwenye mali aone kwa macho. Mwenye mali anaweza kumdai ng'ombe wake, lakini hamchukui wakati wowote anaotaka, na wala hamwachi mlezi mikono mitupu. Lazima kwanza ibaki ndama kwa mlezi, tena ndama aliyekwisha kuachishwa kunyonya. Ng'ombe akirudishwa kwao, kamba yake inabaki kwa mlezi, imetundikwa ukutani. Hayo yote yanasemwa kwa mdomo mbele ya watu, na hayasahauliki.

Ugomvi wake ndio uliokuwa unatufikia sisi. Kesi ya kwanza niliyopelekwa ilikuwa ya mama mmoja mjane wa Masieda. Mwenye ng'ombe alikuwa amekuja kumdai, anasema ndama ameshaachishwa, anakula majani, anacheua. Mama anasema bado. Nilimkagua yule ndama kama nilivyofundishwa chuoni: meno, tumbo, kinyesi, uzito wa kukadiria. Nikasema ameachishwa. Bwana Lohay hakunipinga. Akaomba tu ng'ombe mama apelekwe nyuma ya kilima, asionekane wala asisikike, halafu akaomba chai.

Tukanywa chai. Ndama akaacha kula. Akasimama ameelekea kilimani, akalia, akazunguka, akasimama tena palepale.

"Usiangalie anakula nini," Bwana Lohay akaniambia. "Angalia anatazama wapi."

Mwenye ng'ombe alikuwa mtu mwelewa, aliondoka bila ng'ombe wake. Baada ya mvua akarudi, tukampeleka tena yule ng'ombe nyuma ya kilima, na safari hii ndama hakuinua hata kichwa. Mjane alibaki na ndama na kamba. Nilimwona anaitundika, akaigusa kidogo kama mtu anayenyoosha picha ukutani, na mimi nikajifanya natafuta kitu mkobani.

Bwana Lohay alistaafu ghafla, au mimi ndiye niliyeona ni ghafla. Aliniachia bomba la sindano, lile la kujijaza lenyewe, na onyo: lichemshwe kwa maji matupu, lisipitishwe spiriti kamwe, kwa sababu spiriti inaua chanjo kabla haijamfikia ng'ombe. Halafu akaenda shambani kwake. Siku ya chanjo ya kwanza bila yeye, watu walikuwa juu ya krashi wanabishana juu ya kocha mgeni na jua linapanda. Nikamtumia mtu amwite. Jibu likaja kwamba ana mahindi ya kupalilia. Nikamtuma tena. Mahindi. Nilikasirika sana. Niliona mzee amenitupa, tena si mbali, shamba lake lilikuwa linaonekana kutoka pale josho. Nilipanda juu ya tenki la maji nikawafokea wanaume wote wale, wengine wa umri wa baba yangu, washuke na walete ng'ombe. Wakashuka. Hasira kwa Bwana Lohay ilinikaa muda mrefu, na hata alipokuja kunisalimia ofisini nilimpa chai isiyo na sukari.

Miaka ikapita kama inavyopita. Nikahamishiwa Hanang, nikawa nashika Nangwa na upande wa Katesh. Radio ya kwenye msumari ikageuka simu, na ubishi ukahamia kwenye magrupu, lakini siku ya josho walikuja palepale juu ya magogo kubishana kwa mdomo, kwa sababu kwenye simu huwezi kumshika mtu bega. Kijana aliyekuwa anajua majina matatu ya viungo sasa alikuwa anakutajia mchezaji wa Ulaya, mkataba wake unaisha lini na timu gani ina haki ya kwanza. Nilikuwa nachoma sindano huku nasikia. Nimejifunza vipengele vyote hivyo bila kutazama mechi nzima hata moja.

Kisha mlima ukashuka. Wewe ulikuwa bado chuo. Tope na mawe kutoka Hanang vilipita Katesh, na Jorodom ikaumia vibaya. Sitaandika mengi hapo. Tulizika, tukatafuta mifugo, tukafukia mizoga ili maji yasiharibike. Nililia nikiwa nimeshika koleo, na mtu wa pembeni yangu naye alikuwa analia, tukaendelea kuchimba.

Watu wa Nangwa walileta mahindi, mablanketi, mbuzi, na wengine waliwawekea ndugu zao wa Jorodom ng'ombe wa kuanzia zizi upya. Halafu wakaleta golikipa.

Usicheke. Timu ya Jorodom ilikuwa imepoteza uwanja, magoli, mipira, na kipa wao alikuwa amehamia kwa kaka yake Babati baada ya nyumba yao kwenda. Aliyekuwa anaishikilia timu ni Mama Eliza, mwenye mgahawa wa chai karibu na stendi, ambaye alisema vijana wakikosa kitu cha kufanya jioni watakaa tu wakitazama mlima. Nangwa ndio waliokuwa watani wao wakubwa. Na Nangwa walikuwa na Tluway, kipa ambaye nilisikia jina lake kila siku ya josho, fundi wa kuchomelea mageti mwenye mikono mikubwa na sauti ndogo.

Makabidhiano yalifanyika josho la Nangwa, siku ya chanjo ya mapele ngozi, mbele yangu na mbele ya ng'ombe. Katibu wa timu ya Nangwa, Mzee Bura, muuza pembejeo, mtu wa maneno mengi na koo linalomudu maneno hayo, alisimama akasema: "Jorodom, tunawawekea huyu. Mleeni. Awadakie. Hatutamdai mpaka awaachie kipa mwingine aliyeachishwa."

Tluway akaulizwa kama anakubali kuwekwa. Akasema anakubali. Mama Eliza akafunga kitenge vizuri kiunoni, akajibu kwamba wamempokea. Nadhani hakuna mkataba wa mpira uliowahi kusainiwa vile popote, na hakuna niliouheshimu zaidi.

Tluway alidaka vizuri. Pia alimchukua Yakobo, kijana wa bodaboda wa Jorodom, akawa anamfundisha kila jioni. Jorodom wakaanza kushinda, hata Nangwa wakafungwa, jambo ambalo Mzee Bura alilichukua kama mtu anayepigwa teke na ng'ombe wake mwenyewe.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, dirisha likiwa linakaribia kufungwa, klabu moja ya daraja la juu kutoka mkoa mwingine ikamtaka Tluway. Walikuwa wamemwona kwenye mashindano ya mkoa. Walitaka barua ya kumwachia kutoka kwa timu yake, na waliitaka kabla ya wiki kuisha, la sivyo wamchukue kipa mwingine waliyekuwa naye mkononi.

Timu yake ni ipi? Hapo ndipo Hanang ilipogawanyika. Nilikwenda Nangwa kuchanja nikakuta krashi imejaa pande zote mbili, Nangwa kulia, Jorodom kushoto, na ng'ombe katikati wanashangaa.

"Ng'ombe ni wangu, namdai!" Mzee Bura alikuwa amesimama juu ya gogo, anataka Tluway aachiwe aende.

"Unamdai na kipengele kinasemaje?" Mama Eliza akamjibu kutoka chini. "Ulisema mwenyewe kwa mdomo wako. Mpaka aache kipa aliyeachishwa."

"Yakobo si yupo?"

"Yakobo anajifunza. Hajaachishwa."

"Anadaka tangu mwaka jana!"

"Anadaka Tluway akiwa nyuma ya goli!"

Kijana mmoja akapaza sauti kwamba mchezaji ni mtu huru, haya mambo ya ng'ombe ni ya zamani. Pande zote mbili zikamgeukia kwa pamoja, na hilo ndilo jambo pekee walilokubaliana asubuhi ile.

Tluway alikuwa amekaa kando kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nikamwuliza yeye anasemaje.

"Nataka kwenda, Daktari," akasema kwa sauti yake ile ndogo. "Nikikosa dirisha hili, lijalo wataniambia umri umekwenda. Hakuna klabu itakayokuja tena kutafuta kipa Nangwa."

"Basi ondoka. Wewe si ng'ombe kweli."

"Nilikubali mbele ya watu. Hawa walikuwa wamefiwa, Daktari. Siwezi kuwatoroka. Nikienda waniachie wenyewe."

Nilimtazama nikaona kwamba atabaki kweli. Angebaki anachomelea mageti maisha yake yote na asimlaumu mtu, na moyo uliniuma kwa ajili yake kuliko ninavyoweza kueleza.

Mama Eliza naye hakuwa mtu mbaya, uelewe. Kila mchezo wa Jorodom ulikuwa umejaza watu waliokuwa hawatoki majumbani. Alikuwa anaogopa kipa akiondoka, timu itafungwa mabao ovyo, watu watarudi ndani. Aliniambia hayo baadaye. Pale josho alisema jambo lingine kabisa.

"Aitwe anayejua kupima kama ameachishwa. Si yupo hapa?"

Vichwa vyote vikanigeukia, na vya ng'ombe pia, nadhani.

"Mama Eliza, mimi nimesomea ng'ombe. Mpira siujui."

"Ndiyo maana tunakuita wewe. Mpira kila mtu hapa anaujua, na ndiyo maana hatuelewani."

Mzee Bura akakubali haraka, akidhani kwamba mwanamke asiyejua mpira atahesabu tu mabao. Ikapangwa Nangwa na Jorodom wacheze keshokutwa, kwenye kiwanja cha shule, Yakobo akidaka. Nikisema ameachishwa, Mama Eliza atatia sahihi barua ya kumwachia Tluway. Nikisema bado, Mzee Bura atanyamaza. Hilo la pili watu wengi hawakuliamini.

Nilikwenda na buti zangu za kazi na kiti cha plastiki. Kipindi cha kwanza Tluway alisimama nyuma ya goli kama kawaida yake. Yakobo alidaka kila kitu. Aliruka, alitoka, alipangua. Mashabiki wa Nangwa, ambao timu yao ilikuwa inakosa mabao, walikuwa wanashangilia kila anapodaka, na ni mara yangu ya kwanza kuona watu wakishangilia kutofunga. Mapumziko yalipofika Mzee Bura akanijia anang'aa.

"Umeona mwenyewe, Daktari! Hajafungwa hata moja. Andika ameachishwa."

"Bado, Mzee. Huyu ananyonya."

Alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakikutoka kitu. Lakini mimi sikuwa nimeuangalia mpira. Nilikuwa namwangalia Yakobo anatazama wapi. Kila shambulio lilipoanza aligeuza shingo kidogo nyuma ya goli, Tluway akaonyesha kidole, ndipo akaruka. Hakuwahi kusema neno kwa mabeki wake.

Nikamwita Tluway nikampa funguo za pikipiki. Nikamwambia anipelekee sanduku la barafu ofisini Katesh, asirudi mpaka nimpigie.

"Lina chanjo?"

"Halina kitu. Nenda."

Akanitazama, akaelewa. Alifungua glovu alizokuwa amezifunga mkandani, akampa Yakobo ambaye zake zilikuwa zimechanika, akawasha pikipiki. Tuliliona vumbi lake mpaka likapotea nyuma ya miti ya shule.

Kipindi cha pili kilianza vibaya. Shambulio la kwanza Yakobo aligeuka nyuma ya goli, hakuna mtu, na mpira ulipita akiwa bado amegeuka. Mama Eliza, aliyekuwa amesimama karibu nami, akasema polepole, "Umeona, Daktari?" Alisema kwa huzuni, si kwa ushindi. Mzee Bura alikuwa amejishika kichwa, bao la timu yake limemchoma.

Shambulio la pili Yakobo akaanza kugeuka tena. Shingo ikafika nusu, ikasimama. Nilijikuta nimesimama na mimi, kiti kimeanguka nyuma yangu. Akarudisha macho mbele, akaona beki wake wa kulia amepanda mbele kabisa anatembea. Beki huyo ni Mwalimu Paulo, aliyemfundisha kusoma darasa la kwanza, mtu ambaye Yakobo akimkuta barabarani anazima bodaboda na kushuka ndipo amsalimie.

Yakobo akapiga kelele mpaka ng'ambo ya barabara wakasikia:

"Shikamoo Mwalimu, lakini rudi nyuma!"

Uwanja mzima ukapoa. Mwalimu Paulo aligeuka, kidole tayari kimeinuka kumwonya, kisha akauona mpira unakuja upande wake. Akarudi nyuma, mbio, kwa heshima zake zote. Na kutoka hapo Yakobo hakunyamaza tena. Aliwapanga, aliwafokea, aliwaita kwa majina. Alifungwa bao lingine, zuri, ambalo hata Tluway asingeligusa, akauokota mpira wavuni akawapigia wenzake makofi waendelee. Nyuma ya goli hakugeuka tena hata mara moja.

Filimbi ya mwisho ilipolia wakanizunguka.

"Ameachishwa," nikasema.

Jorodom wakalipuka. "Amefungwa mawili! Kipindi cha kwanza hajafungwa ukasema bado, sasa amefungwa mawili unasema ameachishwa?"

"Ndama akiachishwa hukonda kwanza," nikamwambia Mama Eliza, kwa sababu ni yeye niliyekuwa na deni la kumweleza. "Wote wanakonda. Unampa majani mazuri, unamvumilia, ananenepa. Lakini huyu hamtafuti mama tena. Umemsikia mwenyewe."

Alimtazama Yakobo, ambaye wenzake walikuwa wamemzunguka, na Mwalimu Paulo akiwa ameshika sikio lake kwa utani. Watu wa Jorodom walikuwa wamefungwa, na hakuna aliyekuwa ameondoka uwanjani. Walikuwa wanabishana kuhusu bao la pili.

"Kamba inabaki?" akaniuliza.

Nikamwonyesha glovu.

"Haya," akasema. "Mwiteni aje achukue barua yake." Halafu akaondoka haraka kwenda kuchemsha chai, kitenge kimefunika nusu ya uso.

Tluway anadaka huko aliko, siku nyingine anakaa benchi. Yakobo yuko na Jorodom, na glovu zile amezitundika kwenye ukuta wa mgahawa wa Mama Eliza, anazishusha siku za mechi kubwa tu. Wiki iliyopita nimesikia mashabiki wanabishana kama Tluway akiuzwa tena Jorodom nao wana haki ya ndama. Mzee Bura anasema hapana. Sauti yake imerudi vizuri.

Mimi nilistaafu mwezi uliofuata, na sasa nifikie lile ulilonikasirikia.

Siku ya chanjo yako ya kwanza Nangwa ulinipigia simu asubuhi, ukanipigia tena, ukamtuma na mtu wa bodaboda. Nilikujibu nina mahindi ya kupalilia. Unajua sina mahindi. Nina sukuma wiki kwenye ndoo mbili, na kutoka dirishani kwangu naliona josho lote. Nilikaa ndani. Ng'ombe walikuwa wanapita chini ya nyumba, nawajua karibu wote, na niliushika mlango mara kadhaa nikauachia. Hapo ndipo nilipomkumbuka Bwana Lohay na ile chai yangu isiyo na sukari. Amekwisha kufariki, siwezi kumwongezea sasa.

Mchana Mama Eliza alipita akanipa habari. Anasema watu walikuwa wamejaa juu ya krashi na usajili wao, jua limepanda, na wewe umesimama umeshika bomba la Bwana Lohay unatazama huku nyumbani kwangu. Anasema ulitazama sana. Kisha ukageuka, ukapanda juu ya tenki, ukamwonyesha Mzee Bura kidole.

"Shikamoo Mzee, lakini shuka!"

Anasema alishuka. Nilicheka mpaka nikakaa chini, halafu nikatoka nje kumwagilia sukuma wiki.